Silinda ya Tatu

Kabla ya kuwasha gari, Mwalimu wa Kwaya alikuwa ananyamaza kwanza. Alisimama nyuma, penye injini, kofia mkononi, akisubiri ua wote utulie. Jogoo akiwika, alisubiri. Mtu akipita barabarani na baiskeli yenye mnyororo unaolia, alisubiri apite. Kisha aliinua kidole kimoja, na mkewe, aliyekaa kwenye usukani kwa kazi hiyo tu, akazungusha ufunguo.

Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa napita Nyakatuntu kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Nilisimama kwenye ukingo wa kibanja chake nikichungulia kati ya migomba. Akanigeukia bila kushusha kidole.

"Wewe kijana unapumua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Ama uingie, ama ukapumulie mbali."

Nikaingia. Kahawa ile waliichuma wengine.

Alizaliwa wapi, wa nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita kwa sababu barabara ilipita karibu mno na dirisha, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufika na kuondoka: utingo wa malori ya kahawa, mchoma matofali, mtega senene msimu ukifika. Kila nilipopita upande wa Kyerwa nililala kwake siku kadhaa, kwa miaka. Nikimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," aliitikia, "Marahaba, mtoro." Jina langu nadhani hakulijua. Watu wa huku wamesema mengi juu ya mlima ule, na zaidi juu ya masikio ya mkewe. Nitafika huko. Sikutaka nianze nayo, kwa sababu kabla ya mlima alikuwa mtu wa kupendeza, na ingekuwa dhuluma kuanza na mwisho.

Magari yake yalikuwa yale madogo ya mgongo wa mviringo, ambayo wazungu wa misheni waliyaendesha zamani wakayaacha vichakani walipoondoka. Tuliyaita kobe. Injini yake iko nyuma, buti liko mbele, na rejeta hakuna kabisa. Upepo ndio unaoipoza. Feni inavuta hewa, bati lililofunika injini linaigawa, hewa inapita kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, basi. Vijana wa bodaboda walimcheka wakipita: "Mzee, gari lako halinywi maji, linakunywa rubisi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Halinywi. Lingekunywa lingekuwa linaanguka mitaroni kama baba yako."

Alikuwa nao watatu. Mmoja mweupe, wa kuvuliwa spea, kuku walitaga ndani ya buti lake. Mmoja wa kijani aliyempeleka mkewe kanisani na sokoni. Na mmoja wa bluu, ambaye alikuwa amemtengeneza kutoka kwenye mabaki ya magari mengi, mlango wa Kayanga, sakafu ya Omurushaka, injini aliyoikuta Murongo ikiwa imefunikwa kwa gunia, ndani panya. Bati lililooza alilikata akalifua upya juu ya gogo la mti, akilipiga taratibu kwa nyundo ya mbao, siku baada ya siku, mpaka likaukubali mviringo. Nilimuuliza kwa nini asinunue gari moja zima. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaimba wakati redio zipo.

"Kwaya ina sauti nne," alisema, "na hii ina silinda nne. Mungu hakukosea hesabu."

Ndivyo alivyozisikiliza. Ya kwanza ilikuwa soprano, ya pili alto, ya tatu tena, ile sauti ya juu ya wanaume, ya nne besi. Aliweza kuinama juu ya injini inayonguruma akasema, "Alto ana plagi chafu," akaifungua, na kweli plagi ya pili nyeusi kama sufuria. Kwenye dashibodi ya magari yale hakuna mshale wa kukuonyesha joto. Lipo sikio lako tu. "Gari la maji hukupigia kelele," alikuwa akisema. "Linatoa mvuke, linalia mbele ya watu. Hili la upepo hunong'ona. Usiposikia mnong'ono, kinachofuata ni mazishi ya injini."

Aliyemwogopea kuliko wote ni tena. Ndani ya bati linalogawa upepo kuna kipoza oili, na kimekaa njiani mwa upepo uendao silinda ya tatu. Kwa hiyo ya tatu hupata upepo ambao umekwisha kutumika. "Tena hana anayempepea," alisema. "Siku zote yeye ndiye anayekufa kwanza, na hufa akiimba."

Kanisani alikuwa mkali. Nilimsikia akiifundisha kwaya ya Walutheri pale, kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye sauti nene, mkulima tajiri wa ndizi, akiimba kwa nguvu mpaka wenzake wakawa kama wamefunikwa blanketi. Mwalimu alisimamisha wimbo.

"Bwana mkubwa, wewe uko na nani humu?"

"Niko na kwaya, Mwalimu."

"Kwaya haijui kama uko nayo. Mtu anayetaka kusikika peke yake akaimbe porini na nyani."

Watu walicheka mpaka bwana yule naye akacheka. Lakini mtu huyohuyo, aliyewafukuza watu kwaya kwa kutaka kutangulia, kila mwaka sikukuu ya pili ya Krismasi alikuwa akipanda kilima cha njia ya kwenda Mabira kwa kasi kubwa ili awe wa kwanza peke yake. Sijapata kuielewa hitilafu hiyo. Nimeigeuzageuza sana. Katika kila jambo lingine alikuwa mpole kupita kiasi. Alimwendesha mkewe mpaka gulioni Nkwenda akiwa na kibuyu cha maziwa kati ya miguu, barabara mashimo matupu, na halikumwagika tone. Mama Mwalimu, ndivyo tulivyomwita, alijivunia hilo kuliko kitenge chochote alichopewa. "Huyu mtu," aliniambia, "hajawahi kunimwagia hata maziwa." Kumbuka maneno hayo. Mimi nimeshindwa kuyasahau.

Kilimani walikutana wenye kobe wachache wa Karagwe na Kyerwa: mwenye duka la dawa wa Kayanga, katekista wa Kikatoliki aliyependa kujifanya amekuja kutazama tu, na Mganda mmoja aliyevuka mpaka na kobe mweupe aliyeng'aa kama jino. Walipanda mmoja mmoja kutoka darajani hadi kwenye mikaratusi juu, kona tatu, moramu tupu, na mwenye duka la dawa alipima muda kwa simu. Zawadi haikuwapo. Aliyeshinda gari lake lilivikwa majani ya mgomba, akarudi nayo hadi Nkwenda akipiga honi.

"Mzee," Mganda alimwambia mwaka mmoja, "leo utakula vumbi langu na matoke."

"Vumbi lako nalijua, halina chumvi," Mwalimu akajibu, akapanda, akashinda.

Sasa niseme habari ya majani. Nyumba za huku, mgeni wa heshima akija, au Krismasi, au msiba, sakafu hutandikwa majani laini yaliyokatwa siku hiyo, na watu hukaa juu yake. Harufu yake ndiyo ya sherehe na ndiyo ya kilio. Mwalimu alipomaliza kumtengeneza kobe wa bluu, aliagiza majani yatandikwe kibandani kwake, chini ya gari zima, kama kwa mgeni aliyetoka mbali. Wazee walikuja, wakaketi wakizunguka magurudumu, wakanywa chai. Kisha akawasha ili waisikie.

Raba inayoziba mwanya kati ya injini na bodi ilikuwa imekwisha kuliwa na miaka. Feni ikavuta kutoka chini. Tulisikia sauti nyembamba, *sss*, kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili. Mwalimu akainua mkono palepale, mkewe akazima. Alipoishusha injini na kufungua bati, majani yalikuwa yamejipanga kati ya mapezi ya silinda ya tatu kama manyoya, mengine tayari yameungua yakawa makaa.

"Dakika chache zaidi," akasema, "tena angekuwa marehemu."

Alicheka, lakini raba mpya hakuitafuta. Alisema ile iliyokuwepo ni ya asili, imekuja na gari, na kwamba masikio yake yanatosha. Na kila Krismasi aliendelea kumtandikia kobe majani, kisha kuyafagia kabla ya kuwasha. Mila ni mila, alisema. Mgeni hasimami kwenye udongo mtupu.

Niliwahi kukaa mwaka mzima bila kupita huko. Niliporudi tuliketi jioni nje ya jiko, Mama Mwalimu akimenya ndizi, nyenje wakilia migombani kwa kelele za kuumiza meno. Mwalimu akatazama kwenye migomba, akatikisa kichwa.

"Mwaka huu nyenje wamekwenda wapi?" akauliza.

Kisu cha Mama Mwalimu kikasimama. Alinitazama mimi, si yeye. Kisha akasema kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, "Labda mvua imewafukuza, waitu," akaendelea kumenya.

Kuanzia hapo kila kitu nilichokiona kilinitia baridi. Aliongea na mtu akiangalia midomo yake. Alipapasa injini mahali pa kuisikiliza, akiweka kiganja juu ya bati kama anayempima mtoto homa. Kanisani alto walipotea kabisa katika ubeti wa tatu, watu wakatazamana, naye aliendelea kupunga mkono huku akitabasamu, macho yamefumbwa. Baada ya muda wazee wenzake wa kanisa wakampa heshima: wakamfanya mlezi wa kwaya, wakampa kiti cha mbele, na mkono wa kuongoza wakampa binti mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Alishukuru kwa maneno mazuri. Siku iliyofuata alilipiga nyundo bati la kobe wa bluu tangu asubuhi hadi mvua ilipomfukuza.

"Wamenipa kiti," aliniambia. "Kiti ni kitu cha mtu aliyechoka. Mlimani hakuna kiti."

Nikamwambia wazi: "Mwalimu, husikii. Utapandaje mlima na gari lisilo na mshale wa joto?"

"Nasikia vizuri. Nyinyi ndio mmeanza kunong'ona."

Mama Mwalimu hakubishana naye. Yeye alikuwa na njia yake. Krismasi ile, asubuhi ya mashindano, kobe wa bluu alikataa kuwaka. Mwalimu alikagua petroli, akakagua plagi, akafungua kifuniko cha nyaya, akakuta rota haipo, kile kidude kinachozunguka humo ndani na kugawa cheche. Bila hicho gari ni banda la kuku. Alitafuta mpaka mashindano yakaisha. Jioni, akila maharage, akauma kitu kigumu.

Mkewe alikuwa amemchemshia.

Nilifikiri patachafuka. Badala yake alicheka hadi machozi, akaifuta rota mchuzi, akaibusu. "Miaka yote hii nadhani amekaa kwenye usukani anasinzia," akasema, "kumbe anasoma!" Wakacheka wote wawili. Lakini wiki ile alitafuta rota nyingine, akaishona ndani ya mfuko wa koti lake la ibada, na Mama Mwalimu alipoiona sindano akaacha kucheka. Silaha yake ilikuwa moja, na ilikuwa imekwisha.

Mwaka uliofuata nilifika siku moja kabla ya Krismasi kwa bodaboda kutoka Nkwenda. Njiani, karibu na kwake, nilikutana na wanawake wamebeba mizigo ya majani mabichi vichwani, wanakwenda nyumbani kwa Mwalimu.

"Kuna msiba?" nikauliza.

Mmoja wao akanicheka. "Msiba gani, wewe? Kesho si Krismasi? Au huko unakozurura hamna Krismasi?"

Nikacheka nao. Lakini harufu ile ilinifuata hadi mlangoni.

Nilikuta jambo limekwisha kuamuliwa. Mama Mwalimu alinieleza huku akipanga majani sebuleni kwa magoti. Angepanda naye.

"Mama, kilimani?"

"Kilimani. Mimi nasikia. Yeye hasikii, na hakubali. Basi nitakuwa masikio yake. Tena akianza kuguna, namfinya sikio, anaachia mafuta. Amekubali."

"Na asipoachia?"

Alisawazisha fungu la majani, akalibonyeza kwa kiganja. "Mwanangu, nikiwa ndani hatakimbiza. Huko juu anakwenda mbio kwa sababu yuko peke yake. Na mimi pembeni atapanda kama tunakwenda ibadani, Mganda ashinde, tumalize, turudi tule. Hicho ndicho ninachokitaka."

Baadaye Mwalimu mwenyewe alirudia makubaliano mbele yangu, akiwa anakula.

"Ukinifinya naachia."

"Neno la mzee wa kanisa?" mkewe akamuuliza, akimtazama usoni ili aione midomo.

"Neno la mzee wa kanisa."

Asubuhi ya sikukuu ya pili mvua ilikuwa imenyesha kidogo na ukungu umelala bondeni. Kibandani kobe wa bluu alisimama juu ya majani yake. Mwalimu alichukua ufagio akafagia nyuma ya gari, lakini alifagia kama mtu mwenye haraka ya kwenda kwingine, na chini ya injini kabisa hakufika. Akasimama mahali pake. Akavua kofia. Akasubiri ua utulie, ingawa nadhani kwake ulikuwa umetulia siku nyingi. Akainua kidole.

Injini ikawaka vizuri. Kisha nikaisikia: *sss*.

Mama Mwalimu alizima kabla sijafungua mdomo. Mwalimu akageuka kwa hasira.

"Nani amekuambia uzime?"

"Majani!" nikamwambia karibu na sikio. "Imevuta majani!"

Aliinama, akaingiza mkono, akatoa konzi moja ya majani mabichi, akaichunguza. Akatoa nyingine.

"Yametoka."

"Haya yametoka. Yaliyoingia ndani je? Tufungue bati, Mwalimu."

"Kufungua bati ni kuishusha injini."

"Basi tuishushe. Mimi nipo, tutaishusha."

Kutoka barabarani ikasikika honi ya Mganda akipita kwenda kilimani, ndefu, ya uchokozi. Hiyo aliisikia, au aliiona kwenye nyuso zetu. Akakunja ngumi yenye majani, akaitupa chini.

"Mlima wenyewe ni mfupi," akasema.

Mama Mwalimu akamwambia polepole, akiinua uso ili asome midomo: "Mwaka ule yalikuwa machache kuliko haya." Mwalimu alikuwa amekwisha kugeuka kufunga kifuniko. Mama aliingia nyumbani, akatoka amevaa gauni la kanisani na kilemba, akapanda kiti cha pembeni, akaufunga mlango wa Kayanga kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa mgumu.

"Funga mkanda, mama," nikamwambia.

"Mkanda uko wapi, mwanangu? Gari hili ni la wazee," akajibu, akanipigia jicho.

Mimi nilibaki darajani na watu wengine. Mganda alipanda kwanza, akawahi sana, watu wakapiga vigelegele. Kisha kobe wa bluu. Vioo vilikuwa vimefifia kwa ukungu, hivyo ndani sikuwaona vizuri, nikaona tu kilemba cheupe. Waliondoka taratibu, na nikasema moyoni, mama ameshinda. Gari lilipopita shamba la kahawa la mjane mmoja, penye kona ya kwanza, bado lilikuwa jepesi. Baada ya hapo sauti ikapanda. Sijui ni nini kilimwingia. Labda injini ilipoanza kutetemeka nyuma yake alidhani inafurahi.

Nilisikia sauti nne, halafu nikasikia sauti nne ambazo mojawapo inalia ikiwa na kokoto kinywani. Mwenye duka la dawa naye akaisikia, akashusha simu.

"Inagonga," akasema. "Aachie. Mzee, achia, achia!"

Alikuwa anamwambia nani? Kona ya pili waliipita kwa kasi kuliko Mganda. Tena akagonga, akagonga, kisha juu karibu na mikaratusi tukasikia kama chuma kimeumana meno, na baada yake hakukuwa na sauti yoyote. Injini ilikuwa imenoki na kunasa, magurudumu ya nyuma yamefungwa katikati ya kona, na gari likateleza likapinduka hadi katika kibanja cha watu chini ya barabara.

Tulipanda tukikimbia. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye migomba, bega limevunjika, akimpigapiga mkewe shavuni na kumwita kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina la usichana. Hakujibu. Injini ilikuwa bado inatoa harufu, na harufu ile ilikuwa ya majani yaliyoungua.

Hakuna aliyehitaji kwenda kukata majani ya msiba. Yale ya Krismasi, aliyoyapanga kwa magoti yake, yalikuwa bado mabichi, na waombolezaji waliyakalia.

Huko msibani ndiko nilikosikia maneno yalivyoanza. Yalianza kwa huruma. "Maskini mama wa watu, naye masikio yalikuwa yamechoka." Kesho yake yakawa, "Alisinzia, si mnajua alikuwa anasinzia kwenye usukani." Kufikia matanga yanaanuliwa yalikuwa yamekomaa: mume alimwamini mkewe awe masikio yake, mke akaogopa, akasahau kumfinya, akamtia mwenzake ulemavu na mwenyewe akajimaliza. Niliyasikia hata Nkwenda, kwenye kibanda cha chai, kwa mtu asiyewajua. Mwalimu alipita katikati ya maneno hayo akiwa na mkono shingoni, akiitikia pole za watu kwa kichwa. Tangu siku ile hata ule usikivu kidogo uliobaki ulikuwa umezimika.

Niliondoka. Nikaenda Karagwe kuchoma matofali, nikatega senene, nikafanya kazi ambazo hazinifai kitu. Nilirudi kahawa ilipoiva.

Nilimkuta kibandani. Watu walikuwa wamemsihi mabaki ya kobe wa bluu yaachwe kulekule, kwamba kitu kilichoua hakirudishwi uani. Alikuwa ameyaleta. Injini ilikuwa juu ya gogo, imefunguliwa yote, na yeye ameketi chini, kwenye udongo mtupu, hakuna hata jani moja. Mkononi alikuwa na pistoni ya tatu, iliyochanika ubavuni kama mfupa uliotafunwa.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, nikijiweka mbele ya macho yake.

"MARAHABA, MTORO." Alipiga kelele. Hakujua. Sauti yake ilikuwa imepoteza kipimo, na ile nidhamu yote ya kwaya imeanguka humo.

Jirani mmoja alikuwa akilima ng'ambo ya ua, jembe likisikika *tu, tu, tu* katika udongo wenye unyevu. Nilikaa. Nikaona kwamba mkono wake uliokuwa huru hautulii, unakwenda sikioni, unashika ncha ya sikio, unaifinya, unashuka, unarudi. Ncha ile ilikuwa nyekundu, imechubuka.

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini nilikuwa nimekula kwa mama yule miaka mingi. Nikamshika kidevu kama mtoto, nikamgeuzia midomo yangu, nikasema neno moja moja.

"Watu wanasema Mama hakusikia."

Alinisoma. Akakunja uso.

"WANASEMA NINI?"

"Wanasema Mama hakukufinya. Kwamba alisahau."

Aliitazama pistoni. Kisha akaiweka chini taratibu, akavua kofia, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuwasha, na akasema kwa sauti ya mtu asiyejisikia, sauti iliyotoka kibandani ikavuka ua na kuingia migombani:

"ALINIFINYA TANGU KONA YA KWANZA."

Na kule ng'ambo, jembe la jirani likanyamaza.